Sweta la Mama Chini ya Kitanda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sabina alifagia chumba alicholala na mama yake mdogo, Odeta. Alianzia mlangoni, akazunguka cherehani, akaokota vipande vya nyuzi na pini zilizodondoka, kisha akafika kwenye kitanda chake. Hapo ufagio uliingiwa na uvivu. Ulipita ukingoni tu, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa mkali, halafu ukageuka. Chini ya kitanda kile Sabina hakufagia hata siku moja.

Nyumba yao ilikuwa Igogo, jijini Mwanza, mlimani kidogo, mahali ambapo mawe makubwa yamekaa katikati ya nyumba za watu kama wageni waliokataa kuondoka. Ukisimama mlangoni unaliona ziwa. Zamani, Sabina alizoea kusimama pale alfajiri akimwangalia mama yake, Kashindye, akishuka njia ya mawe na beseni kichwani, anakwenda mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, kununua dagaa wa kuuza. Masika yaliyopita mama aliugua siku chache tu, akafariki. Sasa Sabina hakusimama tena mlangoni. Baba yake, mzee Mashimba, alikuwa fundi wa ujenzi huko Geita, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Ndipo Odeta, mdogo wake marehemu, alipohamia pale na cherehani yake ili mtoto asilale peke yake.

Asubuhi moja Odeta alikuwa akitia uzi kwenye sindano, mara akasimamisha mkono.

"Sabina, hebu tazama hapo ukutani. Hivi vidudu ni nini? Kila nikisogeza kitambaa, kimoja kinatoka mbio."

Ukutani palikuwa na kipepeo kidogo sana, urefu wake kama punje ya mchele, rangi yake kama majani makavu yanayong'aa. Hakikuruka. Kilikimbia kwa miguu, kikajibanza nyuma ya kalenda.

"Ni wale wadudu wa ziwani, mama mdogo," Sabina alijibu haraka.

"Wa ziwani?"

"Ndiyo. Upepo umewaleta."

Odeta aliinua mabega, akaendelea na kazi. Mtu wa Mwanza hashangai kuona wadudu wa ziwani. Huja kama wingu la moshi juu ya maji, wakajaa kwenye taa, asubuhi unawazoa kwa ufagio. Lakini Sabina alikuwa na sababu nyingine ya kujibu upesi vile. Hakutaka mtu aanze kupekua chumba.

Chini ya kitanda chake, nyuma kabisa, ukutani, palikuwa na boksi. Ndani ya boksi mlikuwa na sweta la mama.

Sweta lile mama alilifuma mwenyewe. Alinunua masweta ya sufu ya mtumba yaliyochakaa, akayafumua, akaviringisha nyuzi zake mabonge mabonge, kisha akafuma upya. Ndiyo maana lilikuwa na mistari isiyofanana, kahawia hapa, kijani pale, na mikono myekundu. Wenzake mwaloni walimtania, "Kashindye, hiyo ni bendera ya nchi gani?" Naye akawajibu, "Ya nchi ya watu wasiotetemeka. Nyie endeleeni na khanga zenu." Alilivaa kila alfajiri, upepo wa ziwa ulipokuwa mkali. Basi likashika harufu yake yote: moshi wa jikoni, dagaa, jasho, na mafuta ya nazi aliyojipaka.

Katika ukoo wao, mtu akifariki, nguo zake hufuliwa zote, zikaanikwa, zikafungiwa sandukuni. Hakuna anayezigusa mpaka siku ya kumaliza msiba, ndugu wanapokutana kugawana. Siku ile baada ya mazishi, Sabina aliwaona shangazi zake wakitoa mabeseni na sabuni. Aliingia ndani mbio, akalichomoa lile sweta kwenye msumari nyuma ya mlango, akalificha. Bibi yake mzaa mama, Bibi Dorcas, aliuliza, "Lile sweta la mistari liko wapi? Hilo nataka limfae Sabina." Kila mtu alidhani liko kwa mwenzake.

Wiki za kwanza alilitoa kila jioni, akaingiza uso wake ndani, akavuta pumzi. Kwa dakika hizo mama alikuwa bado yupo. Lakini Odeta alipohamia, nafasi hiyo ikapotea. Boksi lilibaki gizani, halikuguswa, miezi ikapita. Sabina alijifariji: hata kama silinusi, lipo. Linanisubiri.

Rafiki yake, Queen, ndiye aliyeanza kumtia wasiwasi. Alikuja siku moja kufanya naye hesabu za shule, akakiona kimoja kikikimbia chini ya meza.

"We Sabina, mdudu gani huyu wa ziwani anaogopa taa?" Queen alicheka. "Wale wa ziwani wakiona taa ni kama wameona pilau. Hawa wako wanakimbilia gizani kama wadaiwa!"

"Basi kaa nao ukawasomeshe," Sabina alimkata.

"Mbona umenuna? Nimesema tu."

"Wewe kila kitu unasema tu."

Queen alifunga daftari lake taratibu, akaaga mapema. Sabina alibaki akitazama kitanda. Alitaka kuinama, avute boksi, aone. Hakuinama. Aliogopa jambo ambalo hakutaka hata kulitaja moyoni.

Mwezi huohuo, Bibi Kusum alimletea Odeta kazi. Bibi Kusum alikuwa mzee mwenye duka la vitambaa mjini, aliyezaliwa Mwanza na wazazi waliozaliwa Mwanza, na kazi nyingi za Odeta zilitoka kwake. Safari hii hakuleta kitambaa cha dukani. Alileta koti la sufu la marehemu mume wake, rangi ya majivu, limekunjwa ndani ya shuka jeupe.

"Odeta, mwanangu, hili usimpe mtu mwingine alishike," alisema. "Mjukuu wangu Urvi anakwenda kusoma Arusha. Anasema kule baridi inauma meno. Nataka avae koti la babu yake. Lipunguze mpaka limkae."

"Nitalishona kwa mikono yangu, mama."

Lakini ilikuwa majira ya sare za shule. Wazazi walipanga foleni, na kila mmoja alitaka sketi ya mwanawe iwe imekwisha tangu jana. Odeta alilitundika koti kwenye msumari pembeni ya kitanda cha Sabina, akalifunika kwa shuka, akasema atalianza sare zikipungua. Likakaa pale wiki baada ya wiki.

Ijumaa moja alasiri Sabina alirudi shuleni akamkuta mama mdogo wake ameketi sakafuni. Koti lilikuwa mapajani. Hakuwa analia, ila uso wake ulikuwa umekauka kama uso wa mtu aliyekwisha kulia.

"Njoo uone, Sabina."

Alilinyanyua koti kuelekea dirishani. Mwanga ulipenya. Kulikuwa na matundu kwenye pindo, matundu kwenye mikono, na chini ya ukosi palikuwa na njia nyembamba iliyolambwa mpaka nyuzi zikaonekana.

"Ni panya?" Odeta aliuliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe. "Panya angekata vipande. Ni wewe ulicheza na mkasi wangu?"

"Hapana, mama mdogo! Haki ya Mungu!"

"Basi ni nini? Kesho anakuja kulichukua. Nitamwambia nini yule mama? Koti la marehemu, Sabina. La marehemu!"

Sabina alitazama chini ya kitanda, kisha akatazama miguu yake.

Kesho yake Bibi Kusum alifika. "Hodi wenyewe!"

"Karibu mama. Shikamoo," alisema Odeta.

"Shikamoo bibi," alisema Sabina.

"Marahaba, marahaba. Mbona mmesimama kama mmeshikwa na polisi?"

Odeta hakutafuta maneno ya kujikinga. Alilileta koti kwa mikono miwili, akapiga magoti. Bibi Kusum alilipokea, akalitandaza mezani. Alipitisha kidole juu ya kila tundu, polepole, kama mtu anayesoma. Kisha akavaa miwani, akaugeuza mfuko wa koti nje ndani, akaukung'uta juu ya karatasi nyeupe. Vikadondoka vitu kama punje za mchanga na kifuko kidogo cha nyuzinyuzi, na ndani ya kifuko mlikuwa na kiwavi mweupe, kichwa chake kahawia.

"Huyu ndiye mlaji," alisema. "Nondo wa nguo. Yule mwenye mabawa mnayemwona akikimbia ukutani hali chochote. Kazi yake ni kutaga mayai. Wanawe ndio wenye njaa. Wanakula sufu, manyoya na hariri. Pamba safi hawaitaki sana. Lakini penye jasho na giza, pasipoguswa, hapo kwao ni sherehe." Akamtazama Odeta. "Koti hili kwangu nilikuwa nalipiga brashi na kulianika juani kila mwezi. Lilikuja hapa likiwa zima. Wametoka humu. Kuna sufu nyingine chumbani?"

"Hakuna, mama. Mimi ni vitenge na vitambaa vya sare tu."

"Lazima ipo."

"Naapa, mama, hakuna."

Bibi Kusum alivua miwani. "Basi sijui, mwanangu. Lakini mpaka chanzo chao kijulikane, siwezi kuleta vitambaa vyangu hapa. Wataingia mpaka dukani. Nisamehe."

Odeta aliinamisha kichwa. Sabina aliuona mkono wake ukishika ukingo wa cherehani, ile cherehani iliyokuwa ikilisha nyumba baba alipokuwa mbali. Akaona kwamba mama mdogo ameapa kwa kweli, na uongo ni wa mtu mwingine.

"Ipo," Sabina alisema. "Sufu ipo."

Akalala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka mwisho, akalivuta boksi. Vumbi lilitoka pamoja nalo, na kipepeo kimoja kikakimbia sakafuni. Alifunua.

Bega moja la sweta halikuwepo. Kifuani palikuwa kama chandarua kilichochanika. Mistari ya kijani na ya kahawia ilikuwa imeshikana kwa utando mweupe, na ndani ya utando viwavi walijikunja kukimbia mwanga. Sabina alitoa sauti ambayo hata yeye hakuijua. Alilikumbatia hivyohivyo, na wadudu wake, akaingiza uso kwenye kola. Vumbi. Vumbi tena. Kisha, kwa mbali, upande mmoja wa shingo ambao ulikuwa bado mzima, mafuta ya nazi na moshi.

"Bado yupo," alisema akilia. "Kidogo, ila bado yupo."

Odeta alikuwa amelitambua sweta la dada yake. Aliketi sakafuni karibu na mtoto, akamshika, na wote wawili wakalia. Bibi Kusum aliondoa boksi taratibu, akaliweka nje juani, akarudi akaketi kwenye stuli akisubiri. Kuna machozi ambayo mtu mzima hayakatishi.

Walipotulia, Sabina alisema, "Nilidanganya, mama mdogo. Niliwaita wadudu wa ziwani ili usitafute. Queen aliniambia, nikamfukuza. Nilijua wangelifua. Wakilifua, harufu yake itaondoka."

"Kwa nini hukuniambia?" Odeta aliuliza. "Unadhani mimi simtafuti dada yangu? Mimi mwenyewe nikisikia mtu anakaanga dagaa huko nje, nageuka."

Sabina alimwegemea begani.

"Sikiliza, mjukuu," Bibi Kusum alisema. "Jasho lile ulilolitunza ndilo lililowaita. Ukiliacha hivi, mwezi ujao hutakuwa na harufu wala sweta. Tukilifua, harufu itaondoka. Sitakudanganya. Lakini kilichobaki kitabaki. Chagua wewe. Mimi sitakunyang'anya."

Sabina alipitisha kidole kwenye mistari iliyobaki. Nje, watoto wa jirani walikuwa wakigombana kwa sababu ya mpira. Hatimaye akauliza, "Nilifue mimi mwenyewe?"

"Wewe mwenyewe."

Siku ile walitoa kila kitu chumbani. Magodoro, mashuka, kalenda, hata vitenge vya wateja. Walivitandaza juu ya mawe makubwa ya Igogo, ambayo jua la mchana huyageuza kuwa kama kikaango. Queen alisikia vishindo akaja kuchungulia.

"Mnahama?"

"Hatuhami. Ulisema kweli kuhusu wadudu," Sabina alimwambia. "Nisamehe."

"Nilijua tu!" Queen alikunja mikono ya blauzi yake. "Lete brashi. Ila ukinifukuza tena, siji hata ukinipa pilau."

Walipiga brashi mishono, mifuko na mapindo, mahali mayai yanapojificha. Odeta alifagia nyufa za sakafu na nyuma ya kabati, akazoa mabonge ya vumbi na nywele, kwa maana hata hayo viwavi hula, akayachoma pamoja na lile boksi. Jirani mmoja alijitolea kuwaletea vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza wadudu. Bibi Kusum akakataa. "Mvuke wake si mzuri chumba cha kulala, na mtoto mdogo ataviona kama peremende. Majani ya mwarobaini weka ukitaka, yanasaidia kuwafukuza wenye mabawa. Lakini hayaui mayai. Vinavyoua ni jua, brashi, sabuni na baridi kali."

Baridi kali ilikuwa nyumbani kwake. Sweta na koti vilifungwa kila kimoja ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, vikakaa ndani ya friza ya Bibi Kusum kwa majuma mawili. Urvi alilalamika kwamba sasa hakuna nafasi ya aiskrimu. Bibi yake akamwambia, "Koti la babu yako linakula baridi kwa niaba yako. Nyamaza."

Koti halikupotea. Kwa kuwa lilikuwa la mtu mkubwa na Urvi alikuwa mwembamba, Odeta alikata pembeni ya matundu, akafupisha mikono, akashona ukosi mpya. Urvi alilivaa, likamkaa. Bibi Kusum alimzungusha mara moja, akafuta macho kwa ncha ya sari, akasema, "Kesho njoo dukani, Odeta. Kuna vitambaa vinakusubiri."

Sweta lilipotoka kwenye friza, Sabina alichukua beseni na sabuni laini, akaenda nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kwa sababu sufu ikipata maji ya moto hujikunja. Kabla ya kulizamisha, alinusa upande ule wa shingo mara ya mwisho. Akafumba macho. Odeta alisimama mbali, hakumharakisha.

Kisha akalizamisha.

Maji yaligeuka rangi ya chai. Sabina alikamua taratibu, akabadilisha maji, akakamua tena, mpaka yakawa meupe. Alilitandaza juu ya jiwe. Machozi yake yalidondoka juu ya jiwe pia, yakakauka mara moja kwa sababu ya joto.

Siku ya kumaliza msiba ilifika. Bibi Dorcas alitoka Sengerema akavuka ziwa kwa daraja jipya la Busisi. Alipoketi tu alisema, "Kashindye angelipenda daraja lile. Kivukoni alikuwa akinishika mkono kwa kuogopa maji mpaka unaniuma." Baba alicheka, kisha akageukia ukutani. Ndugu walikusanyika, sanduku likafunguliwa. Vitenge vilitoka vikiwa vizima, vimekunjwa vizuri kama vilivyowekwa, kwa sababu vilifuliwa na kukaushwa kabla ya kufungiwa.

Sabina alikwenda mbele ya wote akiwa na mabaki ya sweta mikononi. Alieleza yote, toka msumarini mpaka friza. Hakuruka kitu. Baba yake alifungua mdomo, lakini Bibi Dorcas aliinua mkono kumzuia.

Bibi aliligeuza sweta huku na huku. "Mjukuu wangu," alisema, "wazee waliosema nguo za marehemu zifuliwe kwanza hawakuwa na roho mbaya. Hawakutaka kukunyang'anya mama. Walijua kitu kikifungiwa na uchafu wake gizani, kitaliwa. Na huzuni ni hivyohivyo. Umeificha peke yako chini ya kitanda, ikakutafuna wewe, ikamtafuna na mama yako mdogo. Unachokipenda kisafishe, kitoe juani, kikague. Na ukiwa na jambo linalokuuma, litoe pia. Tupo sisi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Haya. Mikono yake myekundu ni mizima. Tutaifumua, uzi wake utaziba kifua na bega. Litakuwa halina mikono, lakini litakuwa sweta."

Alitoa sindano mbili za kufumia kwenye mkoba wake, akamvuta Sabina aketi mbele yake, mgongo wa mtoto ukiegemea magoti ya bibi. Uzi mwekundu ukaanza kutoka kwenye mkono wa sweta, mrefu, umepindapinda kama maji ya ziwa yakiguswa na upepo. Sabina aliunusa. Ulinukia sabuni na jua, basi.

"Bibi," aliuliza, "mama alipoanza kufuma, mstari wake wa kwanza ulikuwaje?"

Bibi Dorcas alicheka, machozi yakimtoka hadharani, hakuyaficha.

"Ulikuwa mbaya, mjukuu wangu! Umelegea kama wavu uliochanika. Nikamwambia fumua, uanze tena. Akanuna kama wewe. Lete mkono wako, nikuonyeshe."